Nilivyompimia Baba Matope

Mkwe wangu anafanya kazi ya kuosha na kutembeza farasi, na viatu vyake vya kazi haviingii nyumbani. Hiyo ni amri yangu, si ya binti yangu. Vinabaki kwenye veranda, ghorofa ya tatu hapa Al Twar, Dubai, chini ya kamba ya nguo. Siku zote harufu yake ni ya vumbi na jasho la mnyama, harufu kavu, haijawahi kunisumbua. Lakini wiki ile mvua iliponyesha, hii mvua ya hapa inayokuja bila hodi na kuacha magari yakielea barabarani, alirudi na viatu vyenye matope mpaka juu ya kamba zake za kufungia. Nikafungua mlango nianue nguo, nikasimama hapo hapo. Matope, nyasi zilizolowa, sabuni ya ngozi, mkojo wa farasi, vyote pamoja. Sijui ni miaka mingapi sijavinusa pamoja. Nguo niliziacha kwenye kamba, nikarudi ndani mikono mitupu.

Yeye alikuwa amekaa wima kwenye kiti. Mkwe hawezi kujinyoosha mbele yangu, hata kama sebule ni moja na kiyoyozi ni kimoja. Alikuwa anatazama kwenye simu mbio za farasi za nchi za baridi, zile za kuruka viunzi, mvua inanyesha na farasi wamejaa matope hata huwezi kujua nani ni wa rangi gani. Kabla ya mbio, wanaume wawili wenye kofia walieleza nani atashinda na kwa nini, naye akanitafsiria. Mbio zikaisha. Wanaume walewale, kofia zilezile, wakaeleza kwa nini yule aliyeshinda ilikuwa lazima ashinde. Na hawakuwa wamemtaja hata kidogo.

"Hawa hawaulizwi?" nikasema.

"Nani, mama?"

"Hao wenye kofia. Wamesema mmoja, ameshinda mwingine, na bado wanacheka."

"Mama, hawa ni wataalamu. Wanakadiria tu."

"Kukadiria hata mimi naweza."

"Khalas, mama, yaishe, ni mchezo."

"Kwetu haukuwa mchezo. Kwetu aliyesema Ijumaa alijibu Jumatatu."

Akazima simu. Ni kijana mwenye adabu, hilo simnyimi. Akauliza kama kweli Kenya kulikuwa na mbio za kuruka, kwa maana anadhani dunia ilianza siku aliyozaliwa. Nikaweka chai. Chai ikaiva, ikapoa, mimi bado naeleza. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo mama mkwe hawezi kumwambia mkwe wake, lakini nyinyi wa rika langu naweza kuwaambia.

Baba yangu alikuwa saisi. Mliokulia huko juu, upande wa Mau, mnajua saisi ni nani. Ni yule anayemlisha farasi, anayempiga brashi, anayemfunga bendeji miguuni, na anayeamka akisikia amekohoa. Siku ya mbio anamwongoza mpaka mlangoni, halafu Mzungu anampanda na kupigiwa makofi. Tuliishi kwenye nyumba za mbao nyuma ya mabanda ya farasi. Uwanja wa mbio ulikuwa bondeni chini yetu, na viunzi vyake vilikuwa vya matawi yaliyofungwa kwenye nguzo, virefu kuliko mimi. Asubuhi ukungu ulikuwa mwingi hata uliwasikia farasi kabla ya kuwaona. Baridi yenyewe hapa Dubai huipati, labda uingie kwenye friji ya muuza nyama.

Masaisi walikuwa sita, na walikuwa na desturi yao. Mbio zilikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana, farasi wakishakula, walikaa kwenye madebe yaliyopinduliwa na kila mmoja akasema neno lake: nani atamaliza mbele, nani atachoka, nani ataanguka na wapi. Neno moja kwa kila mtu, na kusema sijui hakukuruhusiwa. Jumatatu asubuhi walikaa tena kwenye madebe yaleyale, kila mmoja akajibu kwa lile alilosema. Aliyekosa vibaya kuliko wote alifua bendeji za farasi wote, kwa maji ya birika la nje, ambayo asubuhi ilibidi uvunje ganda la barafu kwanza. Nilimwona kwa macho yangu Barasa, saisi mnene mwenye wake wawili, akifua huku akiimba kwa nguvu ili tusijue vidole vinamuuma.

Baba ndiye aliyesema wa kwanza kila Ijumaa, kwa sababu yeye ndiye aliyetembea uwanja na fimbo. Wengine walitia maneno yao juu ya lake. Alikuwa na imani moja: farasi wa kuruka usimtazame anapoondoka chini, mtazame anaporudi chini. Pale anapotua ndipo uzito wake wote unakuja juu ya miguu miwili ya mbele, na kama ardhi imelowa sana haimpokei, inammeza. Mvua ya masika ikishanyesha wiki nzima, uwanja wetu ulikuwa hivyo, mzito, nyasi juu na uji chini.

"Fimbo inakwambia ardhi imelowa," alisema. "Haikwambii kama itakushika."

Zamani aliruka mwenyewe kupima. Halafu farasi mmoja akamvunja mguu wa kushoto, ukaunga vibaya, na hakuweza kuruka tena hata mfereji. Ndipo akaanza kunirusha mimi. Nilikuwa kifungua mimba na sikuwa na kaka. Nilipanda juu ya kiunzi kwa upande mmoja, nikasimama kwenye nguzo ya juu, nikaruka upande wa pili kwa miguu miwili, peku, nikaganda hapohapo. Baba alizunguka akichechemea, akainama, akatia vidole kwenye shimo la kisigino changu. Vidole viwili, pazuri. Vinne, pazito. Kiganja kizima mpaka kwenye kifundo cha mkono, basi hapo asipite mtu anayempenda farasi wake. Viatu alinikataza, alisema viatu vinadanganya.

"Siku moja utaniletea mtoto ameteguka," mama alimwambia, "halafu uniambie ilikuwa vidole vitatu."

"Huyu hateguki. Huyu ni mama yangu."

Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita Mama. Ruka, Mama. Usijikunje, Mama. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na sikuona kazi duniani iliyokuwa kubwa kuliko yangu.

Sasa kuna jambo nililielewa vibaya, na ndilo lililoleta mambo yote. Ijumaa moja Baba alisema kwenye madebe, "Yule kijivu atabaki kiunzi cha nne." Jumamosi yule farasi wa kijivu akaanguka kiunzi cha nne na hakuinuka. Wanaume wakaja na turubai la kijani, wakalishika kama pazia ili watu wasione, nikasikia mlio mmoja wa bunduki. Jumatatu Barasa akasema, "Huyu mzee na mdomo wake!" na wote wakatikisa vichwa, wakamsifu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikia anavyosifiwa.

Kwa akili yangu, Baba ndiye aliyemwangusha. Sikudhani alifanya kwa ubaya. Nilidhani ndiyo kazi yake. Kanisani tulifundishwa kwamba Mungu alisema tu, vitu vikawa, nami sikuona ajabu kwamba huku chini kwenye uwanja wa mbio kazi hiyo alikuwa amepewa Baba. Nilianza kuyachunga maneno yake hata nyumbani. Akisema mbuzi fulani hatapona, nilimwonea huruma mbuzi na kumnunia Baba. Akisema viazi mwaka huu vitakuwa vikubwa, nililala vizuri.

Farasi aliyetunzwa na Baba alikuwa jike mwekundu, mdogo wa mwili, miguu yote minne myeupe mpaka magotini. Mwenye farasi huyo alikuwa mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Memsabu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mbwa wa mbali. Alimpa farasi jina refu la Kiingereza ambalo hakuna saisi aliyelimaliza. Masaisi walimwita Bibi Harusi, kwa vile alivyokanyaga dimbwi kama mtu anayeogopa kuchafua gauni. Nilikuwa nikikaa kwenye mlango wa banda lake naye ananitia pua kwenye nywele na kunipulizia pumzi ya moto. Baba alimtunza tangu siku aliyozaliwa. Mama alikuwa akisema kama nyumba ikishika moto, Baba ataanza na Bibi Harusi, halafu atajaribu kukumbuka tuko wangapi.

Ikaja wiki ambayo mvua haikukatika. Bibi Harusi alikuwa akimbie Jumamosi, mgongoni mwake mpwa wa Memsabu, kijana mwenye haraka. Viunzi vilikuwa vinane, mzunguko mmoja. Vyote tulivipima Ijumaa, vidole vitatu, vinne, vitatu, mpaka tukafika cha sita, kando ya kijito. Pale palikuwa na njia mbili za kukiruka. Ndani palikuwa pafupi lakini bondeni. Nje palikuwa pa kuzunguka, lakini ardhi ilikuwa imeinuka. Vikishapita hivyo vilibaki viwili vya kupanda mlima, kwenye ardhi ngumu isiyosumbua mtu.

"Kesho yote iko hapa," Baba akasema. "Ndani pakishika, tunamaliza mbele. Pasiposhika, azunguke nje, achelewe, lakini arudi nyumbani. Ruka, Mama."

Nikapanda kiunzi. Kutoka juu niliona maji yaking'aa kati ya nyasi. Nikajua patakuwa pabaya. Na nikajua Baba akipima na kuona pabaya, atakaa kwenye debe na kusema anayepita ndani ataanguka. Na akishasema, basi. Yule kijana wa Memsabu hakuwa mtu wa kuzunguka, angepita ndani tu, na Bibi Harusi angewekewa lile turubai la kijani. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja. Baba asiseme pabaya. Baba aseme pazuri, ili pawe pazuri.

Yeye alikuwa anazunguka mwisho wa kiunzi na mguu wake, hanioni. Sikuruka. Nilishika matawi nikajishusha polepole kama paka anayeshuka ukutani, nikaweka miguu chini kama naweka mayai. Hata hivyo matope yalianza kunivuta, baridi ikapita katikati ya vidole vya miguu. Nikajiegemeza kwenye matawi kwa mgongo ili nisiwe mzito. Baba akaja, akainama, akatia vidole.

"Viwili?"

"Viwili, Baba."

"Umeruka?"

Hakuwa ameniuliza hivyo hata siku moja.

"Nimeruka."

Akachoma fimbo, ikaenda chini. Akaitazama fimbo, akanitazama mimi. "Fimbo haina uzito," akasema, kama anayejibishana na mtu mwingine. "Mguu ndio unajua." Akapangusa mkono kwenye suruali, tukaondoka. Angeweza kuniambia rudia. Angeweza kumwita mtu. Mpaka leo, nikikumbuka yote, hapo ndipo pananichoma, kwamba hakuita mtu.

Kwenye madebe alisema, "Cha sita, ndani panashika."

Barasa akaruka kama amekalia sindano. "Kwa mvua hii? Mzee, pale ndani hata chura anaita msaada!"

"Panashika."

"Mpanda farasi wangu nitamwambia apite nje."

"Mwambie."

"Haya. Jumatatu si mbali, mzee."

Memsabu alipokuja kuuliza, Baba alimpa neno lilelile, ndani, panashika. Mimi nilikuwa mlangoni nimefurahi hata nataka kuruka. Limeshasemwa. Limeshakuwa.

Jumamosi farasi nane waliondoka kwenye manyunyu. Nilikuwa nimepanda uzio karibu na kijito. Walipofika cha tano matope yalikuwa yamewapaka wote rangi moja, lakini Bibi Harusi nilimjua kwa masikio yake. Wengine wote wakafuata njia ya nje. Yeye peke yake akaja ndani, mbele yao, akainuka vizuri, hakugusa hata jani. Halafu akatua. Miguu ya mbele ikaingia mpaka magotini ikabaki humo, kama imeshikwa na mtu aliye chini, na mwili ukaendelea kuja. Kijana akaruka juu ya kichwa chake akaanguka kifudifudi. Bibi Harusi akabingirika, akalala ubavu, hakutikisika.

Nikaona wanaume wawili wanaokota turubai la kijani.

Nilikimbia. Baba naye alikimbia, na ule mguu wake, akanipita. Akapiga magoti kwenye matope, akaweka mkono shingoni mwa farasi. "Acheni hilo turubai," akasema. "Pumzi imekatika tu. Itarudi." Na kweli, tulikaa pale muda ambao sijui ulikuwa mrefu au mfupi, mara tumbo likapanda, likashuka, Bibi Harusi akakoroma, akatoa miguu mmoja mmoja, akasimama akitetemeka. Mnaona nilivyozidi kufungwa? Amesema itarudi, imerudi. Nikawa naamini mara mbili, na lile la panashika nikaona uongo wangu ndio umeliharibu.

Lakini Baba hakuinuka. Alitia mkono kwenye shimo la ukwato, ukaingia mpaka juu ya kifundo. Akautoa, akautazama, halafu akanitazama mimi.

Memsabu akaja na mwavuli. "Ulisema panashika."

"Nilisema, Memsabu."

"Angevunja mguu huyu. Angevunja shingo huyu kijana."

"Ndiyo, Memsabu."

"Jambo kama hili likitokea tena, farasi anakwenda kwa Barasa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nilimtazama Baba usoni. Nimeona watu wakipokea habari za msiba, wakasimama vile.

Jumapili yote hakuniuliza. Alikula, akaenda bandani, akarudi. Jumatatu nikajificha nyuma ya mlango wangu wa siku zote. Barasa hakungoja hata wengine wakae.

"Mzee, chura wangu anakusalimu."

Wakacheka mpaka debe moja likalia. Baba akasema, "Nilikosa. Leteni bendeji."

"Bendeji ni zako. Lakini na fimbo nayo ipumzike, mzee. Ijumaa ijayo natembea mimi."

Saisi mmoja akasema ni haki, na mwingine akasema ni haki. Baba akainama kuchukua fimbo, akamnyooshea Barasa.

"Sikuruka!" nikasema.

Hawakunisikia. Nikaingia katikati ya madebe, mahali ambapo mtoto haingii. "Sikuruka. Nilishika matawi nikashuka polepole. Baba hakuona."

Barasa akapiga paja. "Kumbe! Mzee amepimiwa na paka!"

Safari hii aliyecheka alikuwa yeye tu. Baba hakunikemea. Akawauliza wenzake, "Ijumaa, kwenye debe hili, aliyesema ni nani?"

"Ni wewe," wakajibu.

"Basi mtoto hana jibu la kutoa hapa. Nenda uvunje barafu, Mama. Nakuja."

Kwenye birika yeye alifua, mimi nikakamua. Bendeji moja ya farasi ikilowa ni nzito kama mtoto mchanga. Tulifika ya kumi hivi ndipo akauliza, bila kuinua kichwa, "Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kijivu, ya mbuzi, ya viazi, na kwamba nilitaka aseme pazuri ili pawe pazuri. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Tangu kijivu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umekaa na mimi nyumba moja, unakula na mimi sahani moja, ukijua mimi naua farasi?"

"Hukuwa unawaua kwa ubaya, Baba."

Akanitazama. Halafu akaanza kucheka. Baba hakuwa mtu wa kucheka, na alicheka vibaya, kama anayekohoa, mpaka akashika ukingo wa birika. Farasi wakatoa vichwa madirishani kuona kuna nini. Alipotulia akapangusa macho kwa kiwiko.

"Sikia, Mama. Ardhi hainisikii. Farasi hanisikii. Ningekuwa na mdomo wa namna hiyo, ningeanza na mguu wangu huu."

Akaupiga ule mguu mbovu kwa bendeji ya maji, pwaa.

"Mimi nasema kilichopo tu. Na kilichopo siwezi kukijua ila kwa miguu yako. Ukinidanganya, nasema gizani."

Kusema kweli nilihuzunika. Ni jambo zito kwa mtoto kuambiwa baba yake hana nguvu hizo. Nilikuwa nimezoea kuwa binti wa mtu anayeamuru mambo, sasa nimekuwa binti wa mtu anayepima matope. Lakini usiku huo Baba alisema anadhani mvua itaendelea, nami nikageukia upande wa pili nikalala, kwa maana yalikuwa maneno tu.

Mvua iliendelea. Bibi Harusi alipumzishwa mpaka kano zake zikatulia, halafu Memsabu akasema atakimbia mbio zinazofuata. Ijumaa yake Barasa akaja mlangoni kwetu, fimbo kwapani.

"Nimekuja kuazima miguu."

"Si ungeruka mwenyewe?" mama akamwuliza.

"Shemeji, nikiruka mimi tutachimba kisima."

Baba akasema, "Mwulize mwenye miguu."

Nikaenda. Baba alikuja nyuma yetu, mikono mgongoni, hakuinama hata mara moja. Kwenye cha sita nilisimama juu ya nguzo, nikavuta pumzi, nikaruka kama gunia. Niliingia mpaka kwenye vifundo, na Barasa akatia mkono wake mnene ukazama mpaka kwenye kifundo chake pia. Nikaruka na nje, nikarudia mara mbili bila kuambiwa. Vidole vitatu, mara zote mbili vitatu.

Memsabu alikuja bandani na yule mpwa wake. Akamwuliza Barasa, maana fimbo ilikuwa kwa Barasa. Barasa akamwonyesha Baba kwa kidevu, kwa maana farasi ni wake. Baba akasema, "Mwulize aliyeruka, Memsabu."

Nilikuwa nimeishi nyuma ya mabanda yale maisha yangu yote na hiyo ilikuwa mara ya kwanza yule mwanamke kunitazama.

"Haya," akasema. "Sema."

"Ndani hapashiki, Memsabu. Nje ni vidole vitatu."

"Una hakika?"

"Niliruka."

Kijana akalalamika kwa Kiingereza, nadhani alisema kuzunguka ni kupoteza mbio. Memsabu akamkata kwa neno moja. Halafu akamgeukia Baba. "Atapita nje. Akianguka nje, unajua nilichokwambia."

"Najua."

Siku ya mbio tulisimama kwenye uzio pale pale, Baba na mimi. Hakuniambia nisiogope. Blanketi la kumfunika Bibi Harusi akimaliza mbio lilikuwa begani mwake, kavu chini ya koti, ingawa wengine walikuwa wameacha ya farasi wao bandani kwa sababu ya mvua. Nilisikia kishindo kinatoka upande wa cha nne, halafu cha tano. Yote niliyoelezwa kwenye birika yakanitoka kichwani.

"Baba, sema atavuka."

"Sisemi."

"Sema tu. Mara moja."

"Umeshasema wewe," akanijibu, macho yakiwa mbele. "Mimi nimekuamini."

Wakatokea kwenye ukungu, wamejaa matope. Wawili wakakata kuingia ndani. Mwenye masikio ninayoyajua akavutwa nje, kwenye njia ndefu, kijana mgongoni amekunja uso. Bibi Harusi akaikusanya miguu yake. Nikafumba macho. Nikasikia matawi yakimkwaruza tumboni, halafu kimya, kimya ambacho sijawahi kukutana nacho tena mahali popote, halafu kwato zikagusa ardhi, moja, mbili, tatu, nne, na ardhi ikazishika, zikaondoka kuelekea mlimani.

Nilipofumbua macho Baba hakuwa kando yangu. Alikuwa ameshaanza kuchechemea kupanda kwenda mwisho wa uwanja, blanketi mkononi, asije Bibi Harusi akafika asimkute.